Sarafu mpya zimeingia, mwalimu wa sheria yu wapi?

Mtaa wa Kahawa Sukari umebeba katika jina lake bidhaa mbili ambazo hazijawahi kukosa kesi mahakamani. Ng'ambo ya barabara kuu ya Thika ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kwa sababu hiyo vyumba vingi vya kupanga mtaani humu vimejaa wanafunzi. Ukitoka jioni utawakuta kwenye vibanda vya mboga na chapati wakilipa kila kitu kwa simu, hata mayai mawili. Noti imekuwa mgeni wa nadra.

Mmoja wao, kijana wa mwaka wa pili, alinijia Jumapili moja ya Oktoba 2025 akiwa amenyong'onyea. Wahadhiri walikuwa wamegoma na masomo yalikuwa yamesimama. "Mwalimu," aliniambia, kwani wananiita hivyo ingawa niliitua chaki zamani, "pesa za kodi ya muhula mzima zimepotea." Alikuwa amempa mwenzake shilingi, naye mwenzake akanunua sarafu za kidijitali na kuziweka katika akaunti yake mwenyewe kwenye kampuni moja ya ng'ambo, kwa ahadi kwamba zikipanda bei wangegawana faida. Kampuni ile ikafunga milango bila kuaga. Kijana alitaka kujua jambo moja tu. Amshtaki nani, na adai nini?

Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kulitafuta, na utafutaji huo ndio uliozaa makala haya.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sarafu ya Bitcoin, ambayo waraka wake ulitolewa mwaka 2008 na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, na ambayo ilianza kutumika Januari 2009, kwa hakika si kitu ila daftari. Tofauti ni kwamba daftari hilo halikai katika benki moja. Nakala zake hukaa katika tarakilishi maelfu kote duniani, na kila malipo mapya huandikwa katika zote kwa namna ambayo ni vigumu mno kuifuta baadaye. Kwa kipimo cha methali yetu, hapa pana mali yenye daftari lisilo na kifani.

Mbona basi mali ya kijana yule ikapotea? Sababu ni kuwa daftari hilo husema ufunguo upi umelipa ufunguo upi, basi. Halisemi nani alimwamini nani, kwa masharti gani, wala nani abebe hasara mambo yakiharibika. Hayo husemwa na sheria ya biashara, na sheria ya biashara haijifunzi yenyewe. Inahitaji mwalimu.

Msomaji asidhani kwamba fedha isiyoshikika ni jambo geni kwetu. Lugha yetu ina neno hundi, lililotufikia kutoka Bara Hindi pamoja na wafanyabiashara wa Mombasa na Unguja, na ina neno hawala kutoka Kiarabu. Kwa karatasi moja tu mfanyabiashara wa pwani aliweza kulipa deni Bombay bila kusafirisha hata sarafu moja ya fedha. Aliyeipokea karatasi ile alipokea ahadi, na ahadi ile ilikuwa mali kwa sababu palikuwa na kanuni na watu wa kuitekeleza. Waingereza nao waliziandika kanuni zao za hundi na hati za ahadi ya malipo katika sheria ya mwaka 1882, na za uuzaji wa bidhaa katika sheria ya mwaka 1893. Kenya ilizirithi. Mpaka leo mwanafunzi wa sheria hukutana nazo katika Sura ya 27 na Sura ya 31 za sheria zetu, pamoja na Sura ya 23 inayohusu mikataba. Wengi huziona kavu kama magunzi. Katika kampasi nyingi, mwanafunzi anayetaka sifa hukimbilia katiba na haki za binadamu, na hundi huwaachia wenye subira.

Ni vyema tukumbuke jinsi mwalimu wa sheria anavyopatikana katika Afrika Mashariki. Kabla ya mwaka 1961 Mwafrika aliyetaka kusomea sheria alilazimika kuvuka bahari. Mwaka huo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, na Nairobi ikapata chake mwaka 1970. Yash Ghai, mzaliwa wa Kenya, alianza kufundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1960 akawa mkuu wa kitivo, akaandika na kufundisha katika nchi kadhaa, na nchi yake ilipotaka katiba mpya ilimwita aiongoze tume ya kuirekebisha tangu mwaka 2000. Haikumtengeneza kwa siku moja. Ilimkuta tayari amekwisha kuiva kwa takriban miaka 40 ya kusoma na kufundisha. Katiba, basi, ilipata profesa wake. Fedha je?

Hapa ndipo jina la mtaa wetu linapotufaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni uliharibu vibaya kahawa ya Kenya. Serikali haikumwambia mkulima asubiri mtafiti wa ng'ambo. Katika kituo cha utafiti cha Ruiru, mwendo mfupi kutoka hapa, wataalamu walichanganya mbegu mwaka baada ya mwaka, wakipanda, wakingoja mti uzae, wakiupima na kuanza upya. Mwaka 1985 wakatoa aina iitwayo Ruiru 11, yenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Mwaka huo huo, ng'ambo ya barabara, Kenyatta ikawa chuo kikuu kamili, katika uwanja uliokuwa kambi ya wanajeshi wa Uingereza hadi mwaka 1965. Taifa lilikubali kumlipa mtafiti kwa miaka mingi kabla ya kuona tunda moja, kwa kuwa lilijua kahawa ni fedha. Mtafiti wa sheria ya fedha yenyewe hajapewa subira ya namna hiyo.

Tazama jinsi sarafu mpya zilivyotukuta. Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilizinduliwa. Hapakuwa na sheria mahususi ya malipo ya aina hiyo, na Benki Kuu iliiruhusu kwa barua ya kutokuwa na pingamizi. Kilichoilinda akiba ya mwananchi kilikuwa ni fikira kongwe, yaani amana. Fedha za wateja ziliwekwa katika benki chini ya mdhamini aliyezishika kwa niaba yao, zikatengwa na mali ya kampuni ya simu. Bunge lilipitisha Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo mwaka 2011, na kanuni zake zikatoka mwaka 2014. Kwa miaka saba, basi, biashara iliyogusa karibu kila nyumba iliegemea kanuni ya amana ambayo mwanafunzi wa sheria huifanyia mtihani kisha akaisahau.

Mwaka 2015 suala likaingia mahakamani. Kampuni ya Lipisha, iliyounganisha huduma ya BitPesa na M-Pesa ili wateja wa Bitcoin wapate shilingi, iliishtaki Safaricom kwa kuikatia huduma. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ilikataa kutoa amri ya muda ya kuirejesha. Mwezi huo huo Benki Kuu iliutahadharisha umma kwamba Bitcoin na mfano wake si sarafu halali ya malipo nchini, na kwamba anayezitumia hana kinga iwapo jukwaa linaloziuza litaporomoka. Tahadhari hiyo ilikuwa na maana, lakini tahadhari haimfundishi mtu afanye nini baada ya kuumia.

Kisha kukaja Worldcoin. Mnamo Julai 2023 vijana walipanga foleni ndefu Nairobi, hata kwenye jumba la KICC, ili mboni za macho yao zipigwe picha kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru takwimu hizo za miili ya watu zifutwe. Swali kuu katika jambo hili lilihusu ridhaa. Je, mwenye njaa aliyeahidiwa shilingi 7,000 amekubali kwa hiari? Mwalimu wa mikataba huliuliza swali hilo katika wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza. Ni wangapi katika foleni ile waliowahi kuulizwa?

Hata serikali ilitangulia kutoza kabla ya kufafanua. Tangu Septemba 2023 ilitoza kodi ya asilimia 3 ya thamani ya kila mali ya kidijitali iliyohamishwa, kisha mwaka 2025 kodi hiyo ikaondolewa, badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za watoa huduma.

Sasa tuvuke mipaka kidogo tuone wenzetu walivyofanya. Nchini Marekani, Sarah Jane Hughes wa Chuo Kikuu cha Indiana alijulikana kwa kufundisha sheria ya malipo, ile ile ya hundi na kadi. Majimbo yalipotaka kielelezo cha sheria ya kusimamia biashara za sarafu za kidijitali, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa rasimu, na kielelezo hicho kiliidhinishwa mwaka 2017. Nchini Uingereza, Profesa Sarah Green aliandika kwanza, pamoja na mwenzake, kitabu kuhusu kosa la kutwaa mali ya mwingine, jambo ambalo lilionekana kuwa la wanasheria wachache wapendao vumbi. Mwaka 2019 yeye na David Fox walihariri kitabu kuhusu sarafu za kidijitali mbele ya sheria. Mwaka 2020 aliingia katika Tume ya Sheria kama kamishna wa sheria ya biashara. Katika miaka yake, tume hiyo iliandaa mapendekezo yaliyozaa sheria ya mwaka 2023 ya kuruhusu hati za shehena na hati za malipo ziwe za kielektroniki, ikatoa pia ripoti ya Juni 2023 kuhusu mali za kidijitali, na mnamo Desemba 2025 Bunge la Uingereza likaridhia kwamba kitu cha kidijitali chaweza kuwa mali hata kama si kitu cha kushikika wala deni.

Wasomi hao wawili hawakurukia sarafu mpya kwa sababu zilikuwa na mvuto. Walizifikia kutoka katika mada kongwe walizozijua hadi mizizi. Nasi hatukukosa mbegu ya namna hiyo. Mwaka 2018 Dkt. Joy Malala alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria na usimamizi wa malipo ya simu nchini Kenya, yaani kitu ambacho dunia ilikuwa ikija kujifunza kwetu. Twahitaji kitabu kama hicho katika kila maktaba ya chuo, na twahitaji waandishi kumi wa kukifuata na kukipinga.

Lakini hebu tuuangalie mwaka 2025. Tarehe 15 Oktoba Rais alitia saini sheria ya kwanza ya Kenya ya kusimamia watoa huduma za mali za kidijitali, akiwapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kutoa leseni. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 4 Novemba. Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma, kwa upande wao, waligoma tarehe 17 Septemba wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9, na mgomo ukaisha tarehe 5 Novemba, baada ya siku 49. Yaani sheria hiyo ilitiwa saini na kuanza kazi wakati kumbi za mihadhara zikiwa tupu. Siku ilipoanza, mtu aliyepaswa kuieleza kwa wanafunzi alikuwa nje ya lango akidai malipo yake.

Simlaumu mhadhiri. Njia yake ni ndefu: shahada ya kwanza miaka minne, kisha uzamili, kisha uzamifu, kisha ngazi za mhadhiri, mhadhiri mkuu, profesa mshiriki na hatimaye profesa, kila ngazi ikidai maandishi yaliyochapishwa. Mawakala wa kampuni za fedha humwita akiwa katikati ya njia na kumwahidi mshahara ambao chuo hakiwezi kumpa. Anayebaki hufundisha madarasa ya mamia, husahihisha mitihani usiku na huandika kwa dakika za kuibia. Tukishangaa kwamba Bunge linapotunga sheria ya sarafu linategemea maoni ya wafanyabiashara wa sarafu hizo hizo, tujiulize ni nani mwingine aliyekuwa na nafasi ya kuketi na kufikiri.

Wapo watakaosema kwamba teknolojia inakwenda mbio mno, na kwamba ni afadhali tuwafunze vijana kuunda programu kuliko kuwafunza sheria za mwaka 1882. Wapo pia watakaosema sarafu hizi ni kamari, na kamari dawa yake ni kupigwa marufuku. Nawajibu wote kwa mifano miwili. Nchini New Zealand, kampuni ya Cryptopia iliibiwa na wadukuzi Januari 2019, ikafilisika. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba sarafu zilizobaki zilikuwa mali, na kwamba kampuni ilizishika kama amana ya wateja. Wateja wakatangulia mbele ya wadai wengine. Nchini Marekani, kampuni ya Celsius ilifilisika mwaka 2022, na Januari 2023 mahakama ikaamua kwamba sarafu zilizokuwa katika akaunti zake za kupata riba, akaunti zipatazo 600,000 zenye takriban dola bilioni 4.2, zilikuwa mali ya kampuni. Wateja wakawa wadai wa kawaida, wakasimama kwenye foleni pamoja na wengine wanaoidai. Sarafu zilikuwa za jamii moja. Kilichotenganisha hatima ya watu hawa ni maneno ya mkataba, maneno ambayo wengi waliyakubali kwa kubonyeza kitufe bila kuyasoma. Ufundi wa kuunda programu peke yake haungewaokoa. Wala marufuku haingewafikia, kwa kuwa kampuni hizi huvuka mipaka kuliko askari wa forodha.

Nilirudi kwa kijana wangu na majibu haya mwezi Novemba, masomo yalipokuwa yameanza tena. Nilimwambia kwamba swali la kwanza halihusu Bitcoin hata kidogo. Linahusu yeye na mwenzake. Je, mwenzake alikuwa wakala aliyekabidhiwa fedha ili amfanyie kazi, au walikuwa wabia? Akiwa wakala mzembe, huenda akawajibika kulipa. Lakini watu wawili wanaokubaliana kugawana faida ya biashara hukaribia sana ubia, na wabia hugawana hasara pia. Jibu limo katika jumbe walizoandikiana kwa simu, kwa hiyo asizifute. Swali la pili linahusu kampuni. Akaunti ilikuwa kwa jina la mwenzake, na mkataba ni wake. Waende wakausome wote wawili, watazame kama sarafu zilishikwa kwa niaba yao au zilihesabiwa kuwa za kampuni. Kisha wamwone wakili, maana mimi ni mwalimu wa kawaida tu.

Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mbona haya hatukufundishwa?" Anasomea ualimu, wala hajawahi kukanyaga kitivo cha sheria.

Swali hilo nawaachia walimu wenzangu na wakuu wa vyuo, nami napendekeza mambo matatu. Kwanza, sheria ya biashara isifungiwe katika kitivo kimoja. Kila mwanafunzi wa chuo asome angalau mkataba, amana, uwakala na ubia, na mwalimu wa Biashara katika shule ya upili aguse misingi hiyo kwa mifano ya simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi. Pili, somo hilo lipatikane kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 imekifanya lugha rasmi, na tayari kina amana, dhamana, rehani, hawala, mdai na mfilisi. Msamiati upo, vitabu ndivyo havipo. Tatu, msomi wa sheria ya fedha atengewe muda na ruzuku ya utafiti kwa miaka mingi, kama alivyotengewa mtafiti wa kahawa hapa Ruiru.

Mti wa kahawa hauzai siku unapopandwa, na chulebuni haingoji mtafiti ahitimu. Leseni za kwanza chini ya sheria ya 2025 zitakapoanza kubishaniwa mahakamani, majaji wetu watatafuta kitabu cha kuwaongoza. Mhadhiri atakayekiandika huenda leo yuko ng'ambo ya barabara hii, na rundo la karatasi za mitihani mezani pake, akijiuliza kama abaki chuoni au aende.